Jinsi Nilivyomwimbia Mama Mkwe Bahari Ilipochafuka

Vijana wa kwetu mliopata kazi kwenye meli za watalii mmekuwa mkinipigia simu tangu niliporudi Masimba kwa kustaafu. Wengi mnauliza mambo yasiyo na maana. Mnauliza nimeona miji gani, chakula cha wageni kikibaki huliwa na nani, na kama ni kweli watalii huacha viatu vizuri chumbani wakishuka. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza habari za tumbo. Katika miaka yote niliyotandika vitanda juu ya maji, hakuna kitu kilichonisumbua kuliko tumbo: langu kwanza, kisha la abiria, na mwisho la mama mkwe wangu. Nitaandika kwa mpangilio huo.

Sisi watu wa Gusii hatukuzoezwa bahari. Kwetu ardhi imesimama wima, lakini imetulia. Mtu anaweza kuteleza na matope kutoka shambani kwake hadi mtoni, na akiinua kichwa ataukuta mlima pale pale alipouacha. Baharini mlima unakuja, unapita chini ya kitanda chako, unakwenda zake, na mwingine uko nyuma yake. Hilo sikuambiwa siku ya usaili. Niliulizwa tu kama najua kutandika kitanda, nikasema najua.

Siku niliyosafiri mara ya kwanza, mama yangu mzazi alinifungia ndizi mbivu akaniambia nisiende baharini na njaa. Nilizila zote bandarini kwa heshima yake. Sitaeleza zaidi, ila nawasihi wanaoanza: ndizi mbivu ni chakula cha nchi kavu.

Bahari ilipochafuka nilikuwa ndani ya stoo ya taulo. Nilijilaza juu ya taulo safi, na baada ya muda mfupi hazikuwa safi tena. Mlango ukafunguliwa, akaingia Mfilipino mmoja mfupi aitwaye Renato, mkubwa wa wahudumu wa vyumba wa upande wetu. Tulizungumza Kiingereza, kila mtu na cha kwao. Alinitazama kama mtu anayetazama betri ya redio iliyokwisha.

"Unakufa?" akaniuliza.

"Nafikiri hivyo."

"Sawa. Kabla hujafa, nikunjie hizi taulo."

Nilidhani hana utu. Kumbe hilo ndilo lilikuwa somo lenyewe. Tumbo likichafuka, mikono ipewe kazi. Mtu akilala na kuusikiliza mwili wake, mwili nao utapata mengi ya kumwambia. Nilikunja taulo huku nikilia, na nilipofika kwenye rundo la pili nilikuwa nimeacha kutapika, ingawa kulia nilikuwa bado.

Mengine aliyonifundisha Renato ni haya, na yote bado yanafaa. Usikae na tumbo tupu, wala usilijaze. Kula biskuti kavu za chumvi kidogo kidogo. Tufaha la kijani linasaidia, ganda na yote. Tangawizi inasaidia zaidi. Ukiweza kutoka nje, tazama pale mbingu na maji yanapokutana, usiyatazame mawimbi yaliyo chini yako. Ukiwa ndani, kaa katikati ya meli na chini, kwa sababu mbele na juu ndiko inakorukaruka. Ukitembea, legeza magoti. Hilo la mwisho sikulielewa hadi nilipokumbuka jinsi wachuma chai wa Nyacheki, kwao mke wangu, wanavyoteremka mvua ikinyesha, kapu mgongoni, magoti laini, bila haraka. Tangu siku hiyo nilitembea koridoni kama mchuma chai, na sikuanguka tena.

Tangawizi nilikuwa nainunua soko la Daraja Mbili kila nikija likizo. Mama aliyekuwa akiniuzia aliniuliza siku moja kama nina hoteli. Nikamwambia hapana, nina abiria wanaotapika. Akanifungia bila kuniuliza tena, na tangu hapo akawa ananihudumia haraka kuliko wateja wengine.

Abiria wagumu niliwaona wengi. Kulikuwa na mwalimu mstaafu aliyenituma kwa nahodha nikamwombe aegeshe kando kidogo hadi upepo upite. Kulikuwa na bwana na bibi waliotaka wahamishiwe upande wa meli usiotikisika, na Renato akawahamisha kwa adabu kutoka kulia kwenda kushoto, kesho yake akawarudisha, nao wakashukuru mara zote mbili. Kulikuwa na mzee aliyevaa jaketi la kuokolea mezani, kitandani na bafuni, akaoga nalo. Hao wote niliwaweza. Aliyenishinda alitoka Nyacheki.

Mke wangu Kemunto ana dada mdogo anayeitwa Moraa, ambaye ni nesi ng'ambo. Moraa alitaka kumshukuru mama yao kwa kuwasomesha kwa majani ya chai, na akaamua kumpeleka matembezi ya meli. Kati ya meli zote za dunia akachagua yetu. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa kupanga mambo vizuri, akaiomba ofisi wawekwe pamoja katika kimoja cha vyumba ninavyohudumia mimi. Ofisi ikafurahi sana. Mimi niliambiwa kuna jambo la kunifurahisha koridoni kwangu, nikaenda na taulo begani, nikamkuta mama mkwe wangu amesimama mlangoni na kitambaa cha kanisani kichwani.

Kwa wasiotoka kwetu nieleze. Tuna kitu kinaitwa chinsoni, yaani haya ya heshima kati ya watu fulani, na kati ya mtu na mama mkwe wake ndiko kunakobana zaidi. Simpi mkono. Siingii anapolala. Kitanda chake sikioni. Mambo ya mwili hayatajwi tukiwa tunasikiana. Jina lake sitaliandika hapa, maana hata kwenye karatasi naona haya. Na sasa kazi yangu, niliyoajiriwa kuifanya, ilikuwa kuingia chumbani kwake kila asubuhi na kutandika kitanda chake.

Yeye aligeuka akatazama ukuta. Mimi niligeuka nikatazama ukuta wa pili. Tukasalimiana hivyo, kwa Ekegusii, kila mtu na ukuta wake.

"Baba Bosibori, huko nyumbani watoto wazima?"

"Wazima, mama. Safari ilikuwaje?"

"Ilikuwa nzuri. Sasa nenda."

Nikaenda. Nilimvuta Moraa pembeni.

"Shemeji, umenifanyia nini?"

"Aki shemeji, nilisema Mama awe na mtu wa nyumbani! Asione ni wageni tu."

"Na kitanda?"

Moraa akafunika mdomo. Amekaa ng'ambo muda mrefu, vitanda vya watu amevitandika vingi, hilo halikumjia kabisa.

Nilimweleza Renato. Nilitegemea acheke, lakini alisikiliza vizuri, akaniuliza kama kukanyaga zulia la chumbani ni kosa au ni kitanda tu. Nikamwambia ni mlango. Basi akakichukua chumba kile mwenyewe, mimi nikachukua kimoja chake. Alijifunza kusema "bwakire" asubuhi, na "amache" akipeleka maji, na mama mkwe akampenda. Kitu kimoja tu hakukipenda. Wahudumu wa vyumba tuna desturi ya kukunja taulo ziwe wanyama na kuziacha kitandani ili mgeni afurahi. Renato alimkunjia nyani, tembo, kisha bata. Kila nilipopita asubuhi nilimkuta mnyama wa siku hiyo koridoni, ametolewa nje na kuegeshwa ukutani, uso umegeuzwa.

Mambo yalikwenda hivyo vizuri mpaka bahari ilipochafuka. Ilianza asubuhi, baada ya chai. Kabla ya saa sita tulikuwa tumeshachomeka mifuko ya kutapikia kwenye reli za korido, na hiyo ni dalili ambayo abiria huielewa bila kutafsiriwa. Nilipita mlango kwa mlango na biskuti na tufaha. Kwenye mlango wa mama mkwe nilisimama mbali, nikamwita Moraa. Akajibu kwa sauti ya mtu aliye chini ya blanketi.

"Shemeji, mimi sijiwezi. Nesi mzima, hata kifuniko cha dawa kimenishinda."

"Na mama?"

"Mama anajizuia."

Sikuelewa. Renato, aliyekuwa ndani na ndoo, ndiye aliyetoka akanieleza. Mama alikuwa amekaa kitandani wima, midomo imefungwa, jasho linamtoka, na hatapiki. Kila akipewa maji anakataa, kwa sababu anajua maji yakiingia yatatoka. Na hawezi kutapika, kwa sababu kuta za meli ni nyembamba na mkwe wake yuko koridoni. Ameshasikia sauti yangu. Ningemsikia.

Nilikwenda hadi mwisho wa korido nikapiga kelele kwamba nimeondoka. Moraa akapaza jibu la mama kutoka kitandani: kama nimeondoka, ni nani anayesema? Nikanyamaza kabisa. Jibu likaja kwamba sasa ndiyo mbaya zaidi, maana hajui niko wapi. Nami kweli singeweza kuondoka. Korido ilikuwa yangu, na kengele zilikuwa zinalia kila chumba.

Daktari wa meli alikuja akiwa ameshikilia ukuta. Alimpima mama, akatoka akaniita kama mtu wa familia. Mama amekaukiwa na maji, akasema, na umri wake si wa kuchezewa. Asipokunywa hadi jioni, atateremshwa bandari ya kesho na kulazwa hospitali ya huko, na meli itaendelea na safari. Moraa hali yake ilikuwa ile. Basi mama angelala peke yake katika mji ambao hakuna mtu hata mmoja anayejua kumwuliza kwa lugha yake anaumwa wapi. Moraa alipomwambia, nilimsikia mama akisema polepole, "Mtaniacha na watu wasiojua mimi ni nani."

Niliogopa sana, na sioni aibu kusema. Nilimwona Kemunto akinifungulia mlango hapa Masimba na kuniuliza mama yuko wapi. Nilishika kitasa cha chumba kile. Nikakiachilia. Kama ningeingia, angejizuia hadi azimie, namjua. Ningekuwa nimevunja heshima na maji asinywe vile vile.

Renato akaegemea ukuta kando yangu. "Shida ni kwamba unasikia," akasema.

"Nitaziba masikio."

"Yeye hatakuona. Anataka ajue kwamba husikii." Akafikiri kidogo. "Ukiwa unaimba, unasikia nini?"

Mimi ni Msabato, na kanisani huimba besi. Nilimpa mgongo ule mlango, nikalegeza magoti, nikaanza wimbo wa kwanza ulionijia, kwa sauti yote niliyokuwa nayo. Tulipatana kwamba Renato akigonga ubao wa mlango mara mbili, nipumzike; akigonga mara moja, niendelee. Nilimaliza ubeti, nikamaliza kiitikio, nikarudia. Kisha zikagongwa mbili. Renato akachungulia, uso unang'aa kama amepata mtoto.

"Ametapika! Na amekunywa maji!"

Ikagongwa moja. Nikaendelea.

Sikujua kwamba milango mingine imefunguka. Yule mzee wa jaketi la kuokolea alikuwa amesimama katikati ya korido, na nyuma yake mama mmoja mnene mwenye mfuko mkononi. Nikadhani wanakuja kulalamika. Mama yule akaniuliza kama naweza kusogea kidogo upande wake, kwa sababu mumewe naye anaona aibu. Mzee wa jaketi akasema na yeye pia. Ikawa natembea kama mchuma chai, juu na chini ya korido, naimba, na nyuma yangu watu wa mataifa yote wanatapika kwa amani.

Hapo akaja msimamizi wetu, mwanamke mrefu ambaye hakuwahi kuonekana akiwa amekosea jambo. Sheria zilikataza mhudumu hata kupiga mluzi mbele ya abiria. Alinijia kwa hasira, akanyoosha kidole, akafungua mdomo. Meli ikashuka. Akaufunga mdomo. Rangi ya uso ikambadilika, akashika reli, akachomoa mfuko mmoja.

"Endelea," akaniambia, akaingia stoo ya taulo.

Niliimba hadi alasiri. Nilimaliza nyimbo za kanisani, nikaimba za shule, nikaimba za harusi, nikarudi za kanisani. Mwisho sauti ikakatika katikati ya ubeti. Haikupungua, ilikatika. Korido ikanyamaza, milango ikanyamaza, na ndani ya chumba kile pia kimya. Nilijaribu tena, ikatoka pumzi tu. Nikajua sasa mama amerudi kujizuia, na jioni inakuja.

Ndipo nikasikia kisauti chembamba kutoka ndani, cha mwanamke aliyekaa kitandani bila nguvu. Alikuwa anaimba ubeti nilioachia. Aliimba taratibu, anavuta pumzi ndefu, anaitoa polepole, kama wanavyoimba akina mama wa Nyacheki wakati wa kushusha makapu. Kila ubeti sauti ilizidi kusimama. Alipofika kwenye kiitikio aliacha nafasi ya besi, akangoja. Nikaijaza kwa kile kilichobaki kooni. Haikuwa besi ya kusifiwa.

Daktari aliporudi jioni alimkuta anakula biskuti ya chumvi na kumwelekeza Renato namna ya kukunja taulo sawasawa, bila mnyama. Hakuna aliyeteremshwa. Nami nikajifunza kitu ambacho Renato mwenyewe hakukijua, na ninyi kiwekeni akilini: mgonjwa wa bahari akiimba, pumzi hutulia, na tumbo hufuata pumzi. Nililitumia hilo hadi nilipostaafu. Msimamizi alinitia kwenye ratiba ya burudani, kati ya bingo na dansi, na siku za bahari tulivu watu walikuja kukaa koridoni na mifuko yao wakaondoka wamenuna kwa kukosa mawimbi.

Nilipokuja likizo nilikuta nimeitwa Nyacheki kujibu. Moraa alikuwa amesimulia kwa furaha, bila kufikiri, na wazee wa upande wa mke wangu walitaka kujua kama heshima ilivunjwa. Mjomba wa Kemunto alitoka Nyamira kuongoza kikao, na mbuzi wa kusafisha mambo alikuwa tayari amefungwa kwenye mgomba, anasikiliza. Mama mkwe alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta.

"Ulisikia ama haukusikia?" mjomba akauliza.

"Nilisikia sauti yangu tu."

"Sasa ulijuaje saa ya kunyamaza?"

"Mlango uligongwa."

"Nani aligonga?"

"Mfilipino."

"Huyo Mfilipino ameoa kwetu?"

"Hapana, mjomba."

Wakashauriana sana. Mmoja akauliza kama korido ya meli ni uani au ni sebuleni. Mwingine akataka kujua kama wimbo wenyewe haukuwa njia ya kusema mama anatapika, na kama ni hivyo, basi nilikuwa nimetangaza mbele ya mataifa. Kisha sauti ikatoka jikoni.

"Mwambieni mjomba, huyo kijana alikuwa nje ya mlango, na nje alibaki. Na besi ya ule wimbo wa mwisho akaifanyie mazoezi."

Kikao kikaisha. Mjomba alisema hakuna kosa, kwa hiyo mbuzi hahitajiki. Lakini kwa kuwa alikuwa ameshafungwa, na mjomba ametoka mbali, tulimla.

Sasa nimestaafu, na mama mkwe amezeeka. Mwaka huu ameugua. Dawa anazopewa zinamchafua tumbo, na nyumba imejaa wana, wakwe na wajukuu wanaoingia na kutoka. Juzi Kemunto alinipigia simu kutoka Nyacheki, sauti imemwisha. Mama amefunga mdomo tangu asubuhi, akasema. Dawa hataki, maji hataki, na nesi wa zahanati amesema hivyo hawezi kuvuka wiki.

"Anajizuia?" nikauliza.

Kemunto akaanza kulia. "Njoo tu, Baba Bosibori."

Nilikwenda mchana ule ule. Sikuingia ndani. Nilizunguka nyuma ya nyumba, kwenye migomba, hadi chini ya dirisha la chumba anacholala. Lilikuwa la mbao, limefungwa. Nikalipa mgongo. Mvua ilikuwa imenyesha na mteremko unateleza, nikalegeza magoti, nikaanza.

Sauti yangu si ile tena. Nilimaliza ubeti wa kwanza na wa pili. Nilipofika kiitikio pumzi ikaniishia, nikasimama na mkono juu ya mgomba. Sikusikia Kemunto, sikusikia kikombe, sikusikia chochote, na nikamwomba Mungu nisiwe nimechelewa. Nampenda yule mama. Sijawahi kumshika mkono.

Ubao wa dirisha ukagongwa, kutoka ndani, mara moja.

Nikapangusa uso, nikaanza tena kutoka mwanzo.